Mgeni wa Liboria

Walimbandika Ninfa namba kumi na nne kifuani kabla hajamaliza kushuka ngazi ya meli bandarini Palermo. Msichana mmoja mwenye sare ya bluu ndiye aliyembandika, huku akitabasamu, akamwonya asikitoe kibandiko kile mpaka jioni, maana bila hicho kiongozi wa kikundi asingemtambua, na kikundi kilikuwa kinapelekwa kuliona kanisa kuu la Monreale. Ninfa alikuwa na miaka sitini na tisa. Huko Monreale alishapandishwa kwa miguu na dada yake Liboria, siku ya nadhiri, akiwa na miaka tisa, akalia njia nzima kwa sababu viatu vilikuwa vinambana. Msichana wa watu angejuaje? Ninfa alisema asante.

Mumewe Rosolino naye alibandikwa, na yeye alifurahi. Rosolino alikuwa mtu wa kufurahia chochote kilichokwisha kulipiwa, na safari hii nzima aliilipia binti yao Patrizia, zawadi ya miaka hamsini ya ndoa: siku saba baharini, Genova, Palermo, Valletta na kurudi. Alikuwa amevaa kaptura, magoti yake meupe yakionekana, na kofia ya bure waliyogawiwa siku ya kwanza. Meli ingeondoka saa kumi na moja jioni. Abiria wote walitakiwa kuwa ndani saa kumi na nusu, na jambo hilo lilitangazwa asubuhi ile kwenye vipaza sauti kwa lugha tano.

Walipofika kwenye basi Ninfa akasimama. "Baba Patrizia, mimi sipandi."

Rosolino hakuuliza kwa nini. Tangu Genova alikuwa analisubiri neno hilo, na usiku uliopita alimsikia mkewe akigeukageuka kitandani mpaka alfajiri. Alichosema ni kwamba Liboria atamfungia mlango usoni.

"Basi anifungie nikiwa nimesimama pale," Ninfa akasema.

Dada hao wawili, tumbo moja, walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na tisa. Ninfa alipiga simu, ikakatwa. Aliandika barua, zikanyamaziwa. Kila Krismasi alituma kifurushi cha chokoleti kutoka Torino alikohamia, na kila mwezi wa pili kifurushi kikarudi na kamba zake zilezile. Hakuwa anataka makubwa. Alitaka Liboria amwambie neno moja, hata tusi, kabla mmoja wao hajaingia kaburini. Meli ilimleta mpaka mlangoni bila yeye kuomba, akaona asipokwenda leo hatakwenda tena.

Basi likaondoka bila wao. Kiongozi wa kikundi aliwakumbusha kwamba fedha za matembezi hazirudishwi, na Rosolino akalitazama basi mpaka likakata kona.

Kutoka bandarini hadi mtaa wa Borgo Vecchio ni mwendo wa dakika kumi na tano. Ninfa alitangulia. Alidhani miguu ingeikumbuka njia yenyewe, lakini mara mbili ilibidi aulize, na kuuliza njia ya kwenda ulikozaliwa kunachoma. Kwenye duka la keki alisimama kununua keki kumi na mbili za kanoli, maana kwao mtu haendi kwa ndugu mikono mitupu. Kijana muuzaji akaangalia kile kibandiko, akamsemesha kwa Kiingereza, tena polepole na kwa sauti kubwa, akimwonyesha kwa vidole bei ambayo hata Rosolino aliigunia.

Ninfa akamjibu kwa lugha ya mtaani, lugha yao, kwamba asimfanye mjinga, yeye amezaliwa nyuma ya ukuta ule.

Kijana akacheka mpaka akashika kaunta. "Bibi, unaongea kama marehemu nyanya yangu. Hayo maneno siku hizi hayasemwi na mtu." Akampunguzia bei, akamfungia sinia kwa karatasi na utepe wa dhahabu, na alipompa chenji akamtakia likizo njema.

Tangazo alilikuta mwanzoni mwa kichochoro, limebandikwa ukutani juu ya meza ya muuza samaki, gundi yake bado mbichi. Karatasi nyeupe, ukingo mweusi, msalaba juu. Huko kila anayekufa hubandikwa ukutani, na wapita njia husimama kidogo kusoma kama wanavyosoma bei. Ninfa naye akasoma. Liboria Scavuzzo, mjane, miaka sabini na tano, amelala katika Bwana. Ibada kesho saa nne asubuhi.

Akasoma tena kutoka juu. Chini ya jina waliorodheshwa wanaotangaza msiba kwa majonzi: binti yake Enza, mkwe wake, wajukuu wake wawili, na majirani wote wa kichochoro. Majirani waliandikwa. Mdogo wake hakuandikwa.

Rosolino alisoma akiwa nyuma ya bega lake, akavua kofia. Muuza samaki akawauliza kama wanataka dagaa. Ninfa alitikisa kichwa. Hakulia pale, machozi yalikataa kutoka, akaona tu aibu kwamba anatafuta mahali pa kukaa. Hapakuwa na mahali. Akaingia kichochoroni na sinia lake.

Chini ya ngazi alisita. Alitaka kuliacha lile sinia hapo, nyuma ya mlango. Rosolino, ambaye huko Torino alizoea misiba ya kutia sahihi kitabuni na kupeleka maua, akasema si vizuri kuingia nyumba ya watu wenye majonzi bila kitu chochote. Ninfa hakuwa na nguvu ya kubishana, wakapanda.

Mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa umeachwa nusu wazi, kama inavyotakiwa pakiwa na maiti ndani. Kioo cha ukumbini kilikuwa kimefunikwa shuka. Chumbani, Liboria alilazwa kwenye kitanda chake mwenyewe, amevaa gauni la kahawia, rozari imezungushwa vidoleni. Alikuwa mdogo. Ninfa alimkumbuka dada mkubwa mwenye mabega, na hapa kitandani palilala kibibi kilichokonda ambacho angekipisha njiani bila kukitambua.

Enza aliinuka kutoka kiti cha karibu na kichwa cha kitanda. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano hivi, macho yamevimba. Ninfa akaanza kusema yeye ni nani.

"Nakujua, mama mdogo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita ulipokuja mara ya mwisho." Akalitazama sinia na ule utepe wa dhahabu. Akalipokea kwa mikono miwili. "Tunashukuru kwa kutukumbuka."

Hapo ndipo Ninfa alipojua amefanya nini. Katika mtaa ule nyumba ya msiba haiwashi jiko. Walio nje ndio wanaoleta chakula, supu, nyama, kahawa na sukari, na wenye msiba hukaa wakalishwa mpaka siku tatu zipite. Mtu wa damu haleti kitu. Anaingia mikono mitupu, anakaa karibu na maiti wake, anapewa bakuli. Na vitu vitamu haviletwi kabisa, kanoli ni za ubatizo na za Jumapili. Ninfa aliyajua haya tangu angali mtoto wa kubeba mabakuli. Miaka hamsini ya ugenini ilikuwa imemsahaulisha pale ngazini, na kwa kuleta sinia alikuwa amejiweka mwenyewe upande wa majirani, tena jirani asiye na adabu. Na lile neno la kushukuru kwa kukumbukwa huambiwa watu baki.

Bi Sarina, jirani wa mlango wa pili aliyekuwa anaendesha shughuli zote za nyumba, alilichukua sinia akalipeleka jikoni, akalifunika kwa taulo ili watoto wasilione. Kisha akawawekea wageni viti viwili ukutani karibu na mlango, pale wanapokaa watu wanaokuja kutoa pole na kuondoka.

Wakakaa. Wanawake wanane waliovaa nyeusi walikuwa wanasali. Rosolino alijaribu kuyafunika magoti yake kwa kofia, kofia ikafunika goti moja, akaihamishia jingine, mwishoni akaacha. Mwanamke mmoja alikuwa akimkazia macho Ninfa kifuani, na Ninfa alipoinamisha kichwa akaiona namba kumi na nne. Alikibandua kibandiko. Gundi iling'ang'ania blauzi yake ya maua, ikabaki alama ya mviringo ambayo kila alipoisugua ilizidi kuonekana. Alikikunja kile kikaratasi akakitia kwenye kiganja, akakifumbata.

Simu ya Rosolino ikalia katikati ya sala, mlio wenyewe wimbo wa dansi. Alipapasa mifuko yote ndipo akaipata. Sauti ya Patrizia ikasikika chumba kizima, anauliza kama wameliona kanisa, kama kuna jua, kama mama anafurahi. "Ndiyo, ndiyo, ni zuri," Rosolino akasema, akakata. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Wanawake wakaendelea na sala pale walipoishia.

Saa saba Bi Sarina akaja na supu. Mvuke wa kuku ulijaa chumbani, na Ninfa alikuwa hajala tangu jana. Bi Sarina akampa Enza bakuli, akampa mkwe, akawapa wale wajukuu wawili, kila mmoja na kijiko chake, akiwahimiza wale kidogo hata kama hawataki. Bakuli moja likabaki kwenye trei. Akaja nalo upande wa mlangoni, na Ninfa akanyoosha mkono.

Bi Sarina akampita. Lile bakuli lilikuwa la mama mkwe wa Enza, mzee aliyekaa kwenye kona. Baada ya dakika kumi akarudi na trei nyingine ya vikombe vidogo vya kahawa, kwa wageni, na Ninfa akapokea cha kwake kwa mkono uleule. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Alipoona Enza amekwenda jikoni kurudisha bakuli, akamfuata. Jiko lilikuwa baridi, limefutwa, sinia likiwa pembeni chini ya taulo lake.

"Kwa nini hukuniita, mwanangu?"

Enza alisuuza bakuli kwanza. Akaeleza taratibu, kama mtu anayesoma alichokabidhiwa, kwamba lile tangazo mama aliliandika kwa mkono wake, mwezi wa pili, siku aliporudishwa kutoka hospitali. Alilipeleka mwenyewe kwa watu wa mazishi, akalipia, akamwapisha yeye Enza asiongeze jina wala asipunguze.

"Kuhusu mimi alisema nini?"

"Achana nayo hiyo, mama mdogo."

"Niambie. Mimi si mtoto."

Enza akafuta mikono. "Alisema ukija, nikupe kahawa, nikushukuru, na niangalie usichelewe treni."

Ninfa alishika ukingo wa sinki. Alikuja Palermo kutafuta neno moja kwa dada yake, hata tusi, na tusi alikuwa amewekewa tangu mwezi wa pili, likimngoja. Miaka kumi na tisa iliyopita mama yao alipokuwa anakata roho kwenye chumba kilekile, Ninfa alikuja na mumewe, kwa ruhusa ya siku nne kutoka kantini ya kiwandani alikofanya kazi, na siku ya nne, saa tisa alasiri, akainuka kuondoka. Liboria alimshika mkono akamsihi angoje mpaka kesho tu. Hakungoja. Mama alifariki treni haijavushwa kwa kivuko kwenye mlango wa bahari wa Messina. Sababu alikuwa nazo. Msimamizi alikuwa ameshaapa kumfukuza, nyumba ilikuwa na deni, Patrizia alikuwa shuleni. Zilikuwa sababu za kweli na alizipanga kichwani mwake mara elfu, tayari kuzieleza siku moja. Sasa siku ilikuwa imefika, na aliyetakiwa kuelezwa amelala na rozari.

"Nataka kubaki," akasema. "Mpaka mazishi. Nitakaa kwenye kiti, popote."

Enza hakukasirika, na hilo ndilo lililoumiza. Alimwambia kwa upole kwamba nyumba ni ndogo, ndugu za mumewe wanalala hapo, kitanda hakuna. Akatazama ile alama ya kibandiko kwenye blauzi, kisha saa ya ukutani. "Meli haitakungoja, mama mdogo. Nenda salama. Sisi hatuna kinyongo."

Akawasindikiza yeye mwenyewe mpaka mlangoni, akampa Rosolino mkono, akambusu Ninfa mashavu yote mawili. Wageni husindikizwa hivyo.

Walishuka ghorofa moja. Ninfa akakaa kwenye ngazi.

Rosolino alidhani amechoka, akangoja. Kisha akaanza kusema kwamba wamefanya walichoweza, saa tisa imeshapita, wakitembea polepole watafika kwa wakati. Ninfa akamwambia aende. Dawa zake za moyo zilikuwa kwenye chumba cha meli, kwenye kikopo karibu na kitanda, na moyo huo haukuwa wa kuchezea.

"Nikuache ngazini? Wamekufukuza, Ninfa. Kwa adabu, lakini wamekufukuza."

"Nimesikia."

"Sasa unamngoja nani?"

Rosolino alisimama akiikunja kofia yake mikononi. "Siku ile begi nililishika mimi. Mimi ndiye niliyekwambia tutachelewa."

"Ulishika begi. Miguu ilikuwa yangu."

Mzee akainama akambusu utosini, kitu ambacho alikuwa hajakifanya kwa miaka mingi, akamwambia watakutana Torino. Akashuka akiishika reli ya ngazi, akipumzika kila ghorofa. Ninfa alimsikia akisimama, akamsikia akiendelea, mpaka mlango wa chini ukajifunga.

Saa zikaenda. Watu wa pole walipanda na kushuka, wakampita, wengine wakamwambia pole wakidhani amezidiwa na joto. Hakufikiria lolote la maana. Alifikiria kwamba hana nguo nyeusi, na kwamba kesho kanisani atakuwa na maua yale kwenye blauzi, na alama ya gundi.

Saa kumi na moja kasorobo simu yake ililia. Rosolino alikuwa anapiga kutoka juu ya meli, kwenye kelele za muziki. "Wanataka kuondoa ngazi, mama Patrizia. Nimwambie yule msichana angoje kidogo?"

"Usimsumbue. Meza dawa zako."

Akasikia mumewe analia, mtu mzima, katikati ya muziki ule. Kisha honi ikapigwa, mara moja kwenye simu na mara moja juu ya mapaa ya Borgo Vecchio, ndefu, ikatikisa vioo vya dirisha la ngazini. Ikapigwa tena. Mara ya tatu ilikuwa ya mbali zaidi.

Ni honi hiyo iliyomtoa Enza nje, au labda alikuwa anakuja kuangalia kama watu wa jeneza wamefika. Alisimama juu ya ngazi, akamwona.

"Mama mdogo. Meli?"

"Imeondoka."

Enza alishuka vidato vichache akakaa, si karibu yake, vidato viwili juu. Aliposema, ule upole wa jikoni ulikuwa umemtoka. "Umechelewa."

"Najua."

"Hujui. Mimi nimekaa na ile treni yako miaka kumi na tisa. Nikichelewa kurudi, mama anasema, treni ya Ninfa. Nikiumwa, nikisema nataka kuhamia Milano kutafuta kazi, treni ya Ninfa. Sikwenda Milano. Sikwenda popote." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Ungebaki siku moja tu."

Ninfa hakujitetea. Aliuliza kitu kimoja ambacho tangu asubuhi alikuwa anaogopa kukiuliza. "Mwishoni aliniita?"

Enza angeweza kusema ndiyo. Watu wengi wangesema ndiyo.

"Hapana," akasema. "Alimwita mama yake."

Akainuka, akapanda, akaingia ndani. Mlango hakuufunga. Ninfa hakujua kama umeachwa wazi kwa ajili yake, au kwa ajili ya watu wa jeneza, au kwa sababu tu ndivyo mlango wa msiba unavyoachwa. Alikaa kidogo akijaribu kulijua hilo. Kisha akashika reli akajiinua, magoti yakimuuma, akapanda.

Alivipita viti vya ukutani. Kiti cha pili cha karibu na kichwa cha kitanda, upande wa dirishani, kilikuwa kitupu, mkwe alikuwa ametoka kuvuta sigara. Ninfa akakaa hapo. Mwanamke mmoja akamnong'onezea kwamba pale ni mahali pa wenyewe. Bi Sarina akamtazama Enza kusubiri amri. Enza alikuwa ananyoosha shuka miguuni mwa mama yake, akaendelea kulinyoosha.

Ninfa akaweka mkono wake juu ya ile mikono miwili iliyofungwa rozari. Ilikuwa baridi kuliko alivyojiandaa. Akainama karibu na sikio, akasema kwa ile lugha ya kizamani aliyochekewa asubuhi, polepole, kama mtu anayejibu swali aliloulizwa.

"Liboria, leo sina treni."

Ndipo machozi yakaja, yote, kwa sauti, mpaka wanawake wakaacha sala. Hakuna aliyemkaribisha pale, na hakuna aliyemwambia ainuke.